Petroli au dizeli? Jibu limo ndani ya silinda

Na Mwandishi Wetu

MTU anayerejea nyumbani na akiba yake mkononi mara nyingi hufikiria kwanza kununua gari la biashara. Akifika kwenye yadi ya magari hukutana na swali moja: achukue la petroli au la dizeli?

Mafundi wengi watamwambia kuwa dizeli hunywa mafuta kidogo. Ni kweli, lakini wengi hawaijui sababu yake, na kutoijua huwagharimu fedha wafanyabiashara wanaopita Rusumo, Kobero, Katuna au Malaba.

Mwaka 1824 mhandisi Mfaransa, Sadi Carnot, alionyesha kuwa hakuna mashine inayoweza kugeuza joto lote kuwa kazi. Lazima sehemu yake itupwe nje. Ndiyo maana bomba la moshi na rejeta huwa vya moto hata injini ikiwa mpya.

Mwaka 1876 Mjerumani Nikolaus Otto alitengeneza injini ya hatua nne: kuvuta, kugandamiza, kuchoma na kutoa moshi. Ilitumia gesi, lakini ndiyo babu wa injini za petroli za leo.

Wataalamu huanza hesabu zao kwa injini ya kufikirika, isiyo na msuguano wala kupoteza joto kwenye kuta za silinda. Katika injini ya Otto ya namna hiyo, kinachoamua ufanisi ni kiasi ambacho hewa inagandamizwa.

Ikigandamizwa mara 8, asilimia 56 ya joto hugeuka kuwa kazi. Ikigandamizwa mara 10, hufikia asilimia 60.

Kwa nini basi isigandamizwe mara 18? Kwa sababu injini ya kawaida ya petroli hugandamiza hewa ikiwa tayari imechanganyika na mafuta. Joto likizidi, mchanganyiko hujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Hapo ndipo dereva husikia injini inagonga.

Mjerumani mwingine, Rudolf Diesel, alikwepa tatizo hilo kwa kugandamiza hewa peke yake. Hewa ikigandamizwa mara 18, kwa hesabu hupata joto la nyuzi 680 hivi, na dizeli inayopulizwa humo huwaka bila plagi. Ufanisi wa kufikirika hufika asilimia 63.

Mwaka 1897, mjini Augsburg, injini yake ilipimwa na kupata ufanisi wa takriban asilimia 26, wakati injini nyingi za mvuke za siku hizo hazikufika hata nusu ya kiwango hicho.

Barabarani mambo ni magumu zaidi. Katika kila shilingi 100 za petroli, injini nyingi hutoa kazi ya shilingi 25 hadi 35 tu. Dizeli ya lori kubwa hufikia 40 au zaidi kidogo. Aidha, lita ya dizeli ina nishati kubwa kuliko lita ya petroli.

Hapa ndipo uchakachuaji unapoumiza. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa haivumilii mgandamizo. Injini hugonga, nguvu hupungua, na hatimaye pistoni hutoboka. Kwenye dizeli, mafuta ya taa hupunguza ulainishaji, na pampu na nozeli huchakaa mapema.

Serikali zimepambana na mchezo huo. Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2018 Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hata hivyo, dumu la kando ya barabara halina wa kulipima.

Mwizi mwingine ni ringi zilizochakaa. Mgandamizo ukivuja kiasi cha injini ya mara 10 kufanya kazi kama ya mara 8, hesabu ile ile inaonyesha kuwa safari iliyohitaji lita 100 itataka lita sita au saba zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia gari, mwambie fundi apime mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Ni kazi ya muda mfupi. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, punguza bei au ondoka.

Na anayekuuzia petroli kwa bei ya kushangaza, mkumbuke msemo wa wahenga: rahisi ghali.