Umepata leseni ya lori? Usikimbilie semi

Ndugu zangu wa kilimo biashara, siku hizi nikishamaliza kuongea habari za mbegu na mbolea kuna kijana lazima anivute pembeni: "Bwana shamba, nimepata daraja E, nianzie gari gani?" Kwangu hilo ni swali la kilimo kabisa. Nyanya za Ilula haziendi sokoni kwa miguu.

Wengi macho yako kwenye semi. Posho inavutia, sikatai. Lakini Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, halafu kuna foleni ya mpakani, na mzigo ukiwa wa Lubumbashi unaikuta foleni nyingine Kasumbalesa. Ukiondoka wakati wa palizi, unarudi shamba limeshakuwa pori. Tena semi ya ekseli saba inaruhusiwa kufika tani 56. Kitonga si mahali pa kujifunzia kuishusha: ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kuacha kushika. Gia ndogo inaingizwa kabla mteremko haujaanza, na hilo linataka mazoea. Lori la mafuta ndiyo kabisa usianzie. Tangi likiwa nusu, mafuta yanacheza ndani na kulisukuma gari hata ukiwa umefunga breki.

Mimi ningeanzia Canter au Fuso ya mazao, msimu mmoja au miwili. Jioni unapakia matenga, alfajiri uko sokoni Dar, siku inayofuata umerudi kwenye shamba lako. Na mkulima anajua vitu ambavyo dereva wa mjini hajui: nyanya zilizoiva zikikaa chini ya matenga mengine zinageuka supu, vitunguu vikifunikwa turubai bila hewa vinaoza. Bei nayo unaisikia kwa masikio yako, huletewi na dalali kwa simu.

Ila kabla ya kushika usukani, elewana na tajiri: faini ya mizani analipa nani? Lumbesa inadanganya. Umehesabu magunia ukaridhika, kumbe kila moja limezidi kilo 100, na pale Wenda au Mikese hakuna anayehesabu magunia. Wanapima hadi kila ekseli, kwa hiyo jumla inaweza kuwa sawa na bado ukakamatwa kwa sababu mzigo umerundikwa nyuma. Muulize pia, gari likifa njiani nyanya zikaoza, hasara ni ya nani? Akikujibu "tutaona", tafuta tajiri mwingine.