PARAFUJO ZILIZOSHIKA KUTU KATIKA MOTOKAA KUUKUU

Katika nchi ya chai, kutoka Kericho na Litein mpaka Bomet, motokaa kuukuu bado zaonekana njiani, na miongoni mwao zimo Land Rover zilizokwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Ziharibikapo, aghalabu kazi ngumu si kutia chombo kipya bali kukitoa kile cha zamani, maana parafujo, au skrubu kama waiitavyo mafundi wengi, zimeshikana kabisa. Gari ambalo lingetengenezwa asubuhi moja hukaa siku tatu juu ya mawe. Nayo majani mabichi ya chai hayangoji. Yakikaa kutwa katika magunia hupata joto na kuharibika.

Sababu yake ni maji. Kericho ni mahali pa juu, yapata mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake kwa kawaida hupita milimita 1,800 kwa mwaka. Maji na tope huingia katika meno ya parafujo, na chuma huota kutu. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hubana kama kabari iliyopigwa katika gogo. Katika Land Rover kuna jambo la pili. Gari hilo lilipoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, hivyo bodi yake ilifanywa kwa alumini, ikafungwa kwa parafujo za chuma. Madini hayo mawili yakigusana penye unyevu, alumini huliwa ikawa unga mweupe uishikao parafujo kwa nguvu sana.

Mtu asiyejua hutwaa spana, akaiongezea bomba, akavuta. Kichwa hukatika, na kazi imekuwa mara mbili. Basi kichwa ndicho cha kulindwa kuliko vyote, kwa kuwa ndipo pekee pa kushikia. Safisheni tope kwa brashi ya waya, mkwaruze ufa wake mpaka bisibisi ikae barabara. Bisibisi iliyolika ncha iwekwe kando. Land Rover za zamani zina nati za vipimo vya inchi, na spana ya milimita inayokaribia kutosha ndiyo ilayo pembe zake hata nati ikawa mviringo.

Kisha tieni mafuta mepesi yapenyayo. Asiye na yale ya dukani aweza kuchanganya mafuta ya taa na mafuta kidogo ya injini. Tieni jioni, mgonge kichwa kwa nyundo ndogo mara kadhaa ili kutu ipasuke na mafuta yapate njia, mkarudie asubuhi. Wengi huona usiku mmoja ni mrefu, nao ndio wavunjao. Mnapofungua, kazeni kwanza kidogo sana, ndipo mlegeze. Ikisogea hata robo ya duara irudisheni, mtie mafuta tena, mwende hivyo mbele na nyuma.

Kwa parafujo za kichwa cha msalaba iko bisibisi ya kugongwa: kila ipigwapo nyundo, huisukuma parafujo ndani na kuizungusha kwa wakati mmoja. Yafaa kuliko misuli ya taniboi.

Ikikataa, ndipo uje moto. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, na tundu hulegea. Lakini alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, nayo huyeyuka penye digrii 660, hivyo moto wa gesi waweza kuitoboa kabla hamjatambua. Mara nyingine birika la maji yanayochemka latosha. Wala msiwashe moto karibu na tangi la petroli, mabomba ya breki, au palipotiwa mafuta ya taa jana jioni.

Kichwa kikikatika, mwiteni mchomeaji aunganishe nati juu ya kisiki kilichobaki. Joto la kuchomea lenyewe hulegeza kutu. Kisiki kilichozama hutobolewa katikati kabisa kwa keekee nyembamba, kazi isiyotaka haraka.

Parafujo mpya isirudishwe kavu. Ipakwe grisi katika meno yake, hasa ile iingiayo katika alumini, na ya zamani iliyolika itupwe hata kama bado yaingia.