Sura ya Pili: Kusafisha Kiwanja

Mtu aliyepata kiwanja katika mwambao wetu aghalabu hukikuta kimemezwa na kichaka cha miaka mingi, nyasi zimemfika kifuani, mitunguja na michongoma imeshikana, na upupu umetanda juu ya vyote. Na fikira imjiayo kwanza ni kuajiri vibarua wakifyeke na kukitia moto, kisha amwite mwashi. Fikira hiyo ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba panga na moto huondoa kilicho juu, ilhali madhara ya nyumba ghalibu hutoka chini.

Kabla ya panga kuinuliwa, mwenye kiwanja hana budi kuizunguka mipaka pamoja na majirani na wazee wa mtaa, azitafute alama zake, aulize kama kichakani mna kisima cha kale au kaburi, na aulize vile vile miti ni ya nani. Suala hili la mwisho si la upuuzi, maana Unguja na katika sehemu nyingine za pwani desturi huweza kuifanya ardhi kuwa ya mtu mmoja na minazi isimamayo juu yake kuwa mali ya mwingine, na mnazi uliokatwa bila ya idhini huzua daawa kabla hata msingi haujachimbwa.

Kufyeka kuna wakati wake, nao ni kaskazi, mwezi wa Januari na Februari, majani yanapokauka upesi. Vibarua na waanze upande mmoja, waende mbele kwa safu, upande wa pili ukiachwa wazi, ili nyoka apate njia ya kukimbia. Wakikizingira kichaka pande zote, watamkuta koboko au swila amesongwa katikati. Upupu hukatwa asubuhi umande ungalipo, kwa sababu nywele za maganda yake zikikauka hupeperuka na kuwasha mwili. Na akataye mnyaa asimame upande utokako upepo, kwani utomvu wake ukiingia jichoni huleta maumivu makali. Takataka zichomwe kwa mafungu madogo, wakati upepo umetulia, maadamu cheche moja yatosha kuteketeza paa la makuti la jirani.

Mti mkubwa utakiwao kuondolewa usikatwe shinani. Uchimbwe kuuzunguka, mizizi ya pembeni ikatwe kwa shoka, kamba ifungwe juu, kisha uvutwe. Urefu wa shina lenyewe huwa ndio wenzo ung'oao kisiki. Ikiwa hauna budi kukatwa, na kibakizwe kisiki cha kadiri ya mita moja, watu wapate pa kushika, nao wangoje mvua za mwanzo za Machi zilainishe ardhi. Kisiki kilichofukiwa chini ya sakafu huoza, kikaacha uwazi, na sakafu ikabonyea na kupasuka. Na kabla ya kuoza chote huwa chakula cha mchwa, ambao wakikimaliza hupanda ukutani kuzitafuta boriti na miimo ya milango. Mnazi haufufuki ukikatwa, lakini gogo lake likiachwa lioze huwa malezi ya chonga, mdudu aiharibuye minazi iliyo hai.

Baada ya visiki huparuliwa udongo mweusi wa juu, uliojaa mizizi, kwa kina cha sentimita 15 hata 30, ukarundikwa kando kwa ajili ya bustani, kwa kuwa udongo huo hulisha mimea lakini haubebi ukuta. Mashimo ya visiki yafukiwe kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja likinyunyiziwa maji na kushindiliwa. Tena njia ya msingi isipite juu ya mashimo hayo ila kwa dharura. Mwembe au mkwaju ulio mbali na nyumba, kwa masafa yasiyopungua kimo chake, hauna sababu ya kukatwa, hususan ukiwa upande wa magharibi, ambako jua la alasiri huchoma kuta.

Kiwanja kikiisha kuwa cheupe, mwenye subira hukiacha kipigwe na masika ya Aprili na Mei. Mvua itamwonyesha maji yanatoka wapi na yanatuama wapi, ni shimo lipi limetitia kwa kushindiliwa vibaya, na ni magugu gani, kama ndago na ukoka, yangali na uhai ardhini. Hayo akiyatengeneza, na aanze msingi wakati wa kusi. Lakini akiyapuuza, ajue kuwa kuyatengeneza baada ya nyumba kusimama hakufanyiki ila kwa kuvunja sakafu.