Asali ya Manuka

Huenda umesikia sifa za asali ya manuka, iuzwayo kwa bei kubwa. Manuka ni kichaka cha Nyuzilandi chenye maua madogo meupe. Asali yake ni nzito, ya rangi ya kahawia.

Kila asali huzuia vijidudu, kwa kuwa ina sukari nyingi na maji machache. Ya manuka ina nguvu ya ziada. Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato aliichunguza tangu miaka ya 1980, na mwaka 2008 wataalamu wa Dresden, Ujerumani, walionyesha kwamba nguvu hiyo hutokana na kitu kiitwacho methiliglayoksali.

Je, upake asali ya chupa kwenye kidonda? La! Ile wanayofungia vidonda hospitalini imepigwa mionzi kwanza ili kuua mbegu za vijidudu. Ya mezani haikupigwa. Ngozi nzima iliyokauka waweza kuipaka kidogo, kisha uoshe: hulainisha, basi.

Nawe mama, mtoto asiyetimiza mwaka mmoja usimlambishe asali yoyote, iwe ya manuka au ya mzinga wenu. Mbegu hizo zaweza kuota tumboni mwake na kutoa sumu ya kulegeza mwili, hata pumzi. Akiwa amelambishwa, kisha akashindwa kunyonya na kilio kikafifia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.