Ufundishaji wa Sayansi Vyuoni na Athari Zake kwa Mgonjwa

Mwaka 1978 watafiti watatu wa Marekani walichapisha matokeo ya swali moja fupi. Waliwauliza watu 60 katika hospitali zinazofundishia za Chuo cha Tiba cha Harvard, wakiwamo madaktari wazoefu, madaktari waliokuwa mafunzoni na wanafunzi wa udaktari. Swali lilikuwa hivi: ugonjwa fulani humpata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo chake hukosea kwa kiwango cha asilimia 5, yaani kati ya kila watu 100 wasio na ugonjwa huo, 5 huonekana kuwa wanao. Mtu ambaye dalili zake hazijulikani amepimwa na majibu yametoka chanya. Je, kuna uwezekano gani kwamba kweli anaugua?

Karibu nusu ya waulizwa walijibu asilimia 95. Jibu sahihi ni takriban asilimia 2, na waliolipata walikuwa 11 tu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Watu 1,000 wakipimwa, mmoja ni mgonjwa, na tuchukulie kwamba kipimo kitamgundua. Kati ya 999 waliobaki, wapatao 50 wataonekana wagonjwa ilhali ni wazima. Hivyo watu 51 wana majibu chanya, na anayeugua kati yao ni mmoja. Daktari anayeamini kwamba uwezekano huo ni asilimia 95 anaweza kumtangazia mtu mzima ugonjwa asio nao, akamwanzishia dawa asiyoihitaji na kuitia familia yake katika hofu.

Waliokosea hawakuwa watu wasiosoma. Walikuwa wamefaulu mitihani mingi ya sayansi kabla ya kufika hapo. Swali linalobaki, basi, ni jinsi mtu anavyoweza kufaulu somo bila kulielewa.

Mhadhara mzuri usiofundisha

Jibu mojawapo lilijitokeza katika somo la fizikia. Eric Mazur alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1984. Wanafunzi wake, wengi wakijiandaa kusomea udaktari, waliisifu mihadhara yake na kukokotoa maswali magumu pasipo shida. Mwaka 1990 alisoma makala ya watafiti wa Arizona iliyoonesha kwamba wanafunzi wengi humaliza somo la fizikia wakiwa na dhana zilezile potofu walizoingia nazo. Akaamua kuwajaribu wa kwake kwa maswali mepesi yasiyohitaji kanuni. Kwa mfano: lori zito likigongana na gari dogo, ni lipi linalolisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi? Kwa sheria ya tatu ya Newton, kani hizo ni sawa. Wanafunzi wengi, ambao wangeweza kuikariri sheria hiyo neno kwa neno, walishindwa kuitumia. Mmoja wao aliuliza kama ajibu alivyofundishwa au anavyofikiri mwenyewe.

Swali hilo lilimfanya Mazur abadili namna ya kufundisha. Badala ya kuzungumza saa nzima, alianza kueleza dhana moja kwa dakika chache, kisha kutoa swali lenye majibu ya kuchagua. Kila mwanafunzi hufikiri peke yake na kutoa jibu lake. Ikiwa darasa limegawanyika, kila mmoja humgeukia jirani yake mwenye jibu tofauti na kujaribu kumshawishi kwa hoja. Baada ya hapo wote hujibu tena, na ndipo mwalimu hufafanua. Aliyeelewa punde mara nyingi humweleza mwenzake vizuri kuliko mwalimu, kwa kuwa bado anakumbuka mahali alipokwama.

Ushahidi

Mwaka 2011 matokeo ya jaribio lililofanyika katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada yalichapishwa. Makundi mawili ya wanafunzi wa fizikia, kila moja likiwa na watu zaidi ya 260, yalifundishwa mada ileile kwa wiki moja. Kundi la kwanza lilipata mihadhara ya mwalimu mzoefu aliyependwa na wanafunzi. La pili lilifundishwa na wakufunzi wenye uzoefu mdogo, lakini waliotumia maswali, majadiliano na mrejesho wa papo kwa papo. Katika mtihani wa pamoja, wastani wa kundi la kwanza ulikuwa asilimia 41, na wa kundi la pili asilimia 74. Miongoni mwa waliofanya utafiti huo alikuwa Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001.

Mwaka 2014 watafiti wengine walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, hisabati na uhandisi vyuoni. Katika madarasa ya mihadhara mitupu, waliofeli walikuwa wastani wa asilimia 34. Katika madarasa yanayomshirikisha mwanafunzi, walikuwa asilimia 22.

Hisia ya kuelewa hudanganya

Kama ushahidi ni mwingi hivyo, mbona mhadhara haujaachwa? Sababu mojawapo iliwekwa wazi na utafiti wa Harvard wa mwaka 2019. Wanafunzi waliofundishwa kwa kushirikishwa walijifunza zaidi, lakini wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo. Maelezo yanayotiririka vizuri huacha hisia ya kuelewa; kuhangaika na swali huacha hisia ya kushindwa. Kumbe huko kuhangaika ndiko kujifunza kwenyewe.

Kumbukumbu nayo hufanya kazi vivyo hivyo. Katika utafiti wa mwaka 2006 uliofanyika St. Louis, Marekani, wanafunzi walisoma kifungu cha habari. Baadhi walikisoma tena, na wengine walifunga karatasi na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, walikumbuka asilimia 42, ilhali waliojijaribu walikumbuka asilimia 56. Mwanafunzi wa uuguzi anayepigia mistari daftari lake usiku kucha angenufaika zaidi kwa kulifunga na kujiuliza maswali.

Darasani bila vifaa vya gharama

Njia hii haihitaji mitambo. Darasa la wanafunzi 200 linaweza kujibu kwa kunyoosha vidole au kuinua kadi za rangi. Kinachohitajika ni swali lililofikiriwa vizuri. Mfano mmoja unaofaa katika vyuo vya afya vya Afrika Mashariki ni huu: mtoto alitibiwa malaria wiki 2 zilizopita, akapona. Leo ana homa tena, na kipimo cha haraka cha malaria kimetoa majibu chanya. Je, ameambukizwa upya?

Wengi watajibu ndiyo. Mjadala ukiendelea, mmoja atakumbuka kwamba vipimo vingi vya aina hiyo havimwoni kimelea mwenyewe, bali hutambua protini yake, na protini hiyo inaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hivyo majibu hayo peke yake hayatoshi. Damu inapaswa kuangaliwa kwa hadubini, na visababishi vingine vya homa vitafutwe. Mwanafunzi aliyefikia hitimisho hilo kwa kubishana na wenzake hatalisahau kwa urahisi atakapokuwa zahanati.

Mageuzi ya aina hii si mageni katika elimu ya tiba. Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilianza mwaka 1969 kuwafundisha madaktari kwa kuwapa matatizo ya wagonjwa wayatafutie ufumbuzi katika vikundi vidogo. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza mwaka 2011 kutumia mitaala inayozingatia umahiri, yaani kile ambacho mhitimu anaweza kukitenda.

Kutoka darasani hadi kwa mgonjwa

Mhudumu wa afya naye ni mwalimu, na mgonjwa ni mwanafunzi wake. Mgonjwa akiulizwa "Umeelewa?" hujibu "Ndiyo", kwa heshima au kwa sababu kweli anahisi ameelewa. Swali lenye manufaa zaidi ni: "Mama, ukifika nyumbani utampaje mtoto dawa hii?" Akieleza kwa maneno yake mwenyewe, kosa litaonekana hapo hapo, kabla halijamfikia mtoto.

Namna ya kutoa takwimu nayo ina uzito. Mwaka 1998 watafiti wa Ujerumani waliwapa madaktari 48 maswali yanayofanana na lile la mwaka 1978. Takwimu zilipotolewa kwa asilimia, majibu sahihi yalikuwa asilimia 10. Zilipotolewa kwa idadi ya watu, kama "mmoja kati ya elfu", yalifikia asilimia 46. Madaktari walikuwa walewale. Kilichobadilika ni namna ya kueleza.

Kwa hiyo mgonjwa aliyepewa majibu ya kipimo ana haki ya kuuliza: "Daktari, kati ya watu 100 wenye majibu kama yangu, wangapi kweli wanaugua?" Mhudumu aliyefundishwa kufikiri hataliona swali hilo kuwa utovu wa adabu. Atachukua kalamu na karatasi, na wataihesabu pamoja.