Sinia la Idd na agizo la daktari

Mwezi wa Ramadhani unapokaribia ukingoni, wakazi wa mji wetu wa Isiolo huanza kuulizana swali moja tu: mwezi utaandama lini? Mimi nina swali la pili, ambalo kwa muda mrefu sikuthubutu kulitamka mbele za watu. Siku hiyo ikifika nitakula kiasi gani, na nitamwambia nini mama yangu?

Msomaji ambaye hatujapata kukutana ana kwa ana nimweleze kwamba mimi si mtu mwembamba. Miaka mitatu iliyopita nilipanda mizani ya zahanati moja hapa mjini na mshale ukasimama kwenye kilo 104. Daktari hakupandisha sauti. Alinipima sukari, akanipima shinikizo la damu, akaandika, kisha akanieleza kwamba kisukari bado hakijaingia nyumbani lakini kimekwisha kubisha hodi. Alitaka nipunguze kilo tano hadi kumi, kwa kuwa hata upungufu wa asilimia 5 hadi 10 ya uzani wa mtu huteremsha sukari na shinikizo kwa kiwango cha kuonekana. Nilimshukuru. Nilipofika mlangoni aliniita tena, akaniuliza, "Idd ni lini, mwalimu?" Nikamjibu kwamba imebaki miezi minne. Akatikisa kichwa tu, akamwita mgonjwa mwingine.

Nilifanya niliyoagizwa. Kila alfajiri nilitembea hadi Kiwanjani na kurudi, nikaacha soda, nikaacha mandazi ya saa nne shuleni. Ramadhani ilipokwisha nilikuwa nimepunguza kilo sita, na suruali nilizokuwa nimezificha kabatini zikanikubali tena. Kisha ikaja Idd. Siku kumi baadaye kilo nne kati ya zile sita zilikuwa zimerudi.

Nilifarijika kidogo nilipogundua kwamba si mimi pekee. Tafiti nyingi zilizofanywa juu ya saumu ya Ramadhani zinaonyesha kwamba wafungaji hupungua kwa wastani kilo moja hivi, na majuma machache baada ya Idd uzani wao hurejea ulipokuwa. Huko Marekani, ripoti iliyochapishwa mwaka wa 2000 ilihusu watu 195 waliopimwa katika msimu wao wa sikukuu, toka mwishoni mwa Novemba hadi mapema Januari. Waliongezeka kwa wastani wa kilo 0.37. Ni chini ya nusu kilo, na mtu anaweza kucheka. Lakini wale waliofuatiliwa kwa mwaka mzima hawakuonekana kuuondoa uzani huo. Mtu wa aina hiyo akisherehekea miaka kumi mfululizo atakuwa amejifunga mfuko wa unga wa karibu kilo nne kiunoni, wala hatajua aliununua duka gani.

Sherehe yetu, hata hivyo, haifanani na yao. Nasikia wenzetu hukusanyika kwenye meza moja, wakala, wakatawanyika. Hapa Isiolo Idd ni safari. Baada ya sala mtu huanza kwa mama yake, kisha huenda kwa wakwe, kwa shangazi, kwa ami, kwa jirani Msomali, na kwa jirani Mmeru ambaye hakufunga lakini amepika chapati za kuwatosha watoto wa mtaa mzima. Kila nyumba ina pilau yake. Kila nyumba ina nyirinyiri yake, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ikakaangwa hadi ikakauka, kisha ikahifadhiwa ndani ya samli. Ni chakula kilichobuniwa na watu wa kuhamahama ili kikae miezi bila kuharibika. Kilibuniwa kwa ajili ya mtu anayetembea na ngamia kutwa nzima juani. Mimi hukila nikiwa nimeketi juu ya zulia, kisha huinuka na kupanda bodaboda kwenda nyumba ya pili.

Ajabu ni kwamba si pilau wala nyirinyiri iliyoniangusha. Niliyabaini hayo nilipochukua kalamu na karatasi. Siku ile nilizuru nyumba tisa, na katika kila nyumba nilikunywa kikombe kimoja cha chai ya maziwa. Kwetu sukari huchemshwa pamoja na maziwa na majani, hivi kwamba mgeni hapewi nafasi ya kuchagua, na kadirio la vijiko vitatu kwa kikombe si la uchoyo wala la ukarimu uliopita kiasi. Vikombe tisa, basi, ni vijiko 27. Kijiko kimoja hubeba gramu nne hivi. Nilikuwa nimekunywa zaidi ya gramu 100 za sukari kabla ya kuhesabu soda, halwa na tambi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anazopata mtu kutokana na chakula, yaani kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana iwe nusu ya hizo. Nilikuwa nimekunywa ya siku mbili, nami mchana kutwa nikijisifu kwamba pilau nimeigusa tu.

Mwaka uliofuata niliamua kuwa mwerevu. Nilianza na uongo, na siutetei. Nilimwambia mama kwamba tumbo linaniuma. Kabla sijamaliza sentensi mpwa wangu alikuwa ametumwa kuleta tangawizi, na jirani mmoja amekwisha kuingia na dawa yake ya mizizi. Nikaona heri niseme kweli.

"Mama, nimeshiba."

"Umeshiba nini, baba? Hujala."

"Daktari amenikataza kula sana."

Akanitazama kwa muda. "Huyo daktari, mama yake yu hai?"

Ndugu zangu waliangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, nikala. Lakini mama hakucheka. Jioni, wageni walipoondoka, nilimkuta uani akikusanya wali uliobaki kwenye masinia, punje kwa punje, na hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo katika umri wangu wote sikuwa nimelisikia kutoka kinywani mwake.

Wasomaji wa huku kwetu wanavijua vita vya Shifta, vilivyoanza mwaka wa 1963 na kumalizika mwaka wa 1967. Katika miaka ile serikali iliwakusanya Waborana na Wasakuye wa sehemu hizi kambini, Garba Tulla, Merti na kwingineko, na mifugo yao ikaangamia kwa risasi, kwa kunyang'anywa na kwa kukosa malisho. Wazee wa Kiborana huuita wakati ule Gaf Daba, yaani wakati wa kusimamishwa. Mama alikuwa msichana wa miaka kumi hivi, katika kambi ya Garba Tulla. Alinieleza jinsi bibi yangu alivyogawa unga kwa kopo, na jinsi mdogo wake wa kiume alivyokuwa akililamba lile kopo baada ya unga kwisha. Mtoto huyo hakutoka kambini. Mama alisema kwamba tangu wakati ule hajaweza kumwona mtoto wake akiinuka mbele ya chakula bila mwili wake kushtuka.

Nimesoma makala nyingi za ushauri juu ya kupunguza unene. Karibu zote humwambia mtu ajifunze kusema "la" kwa uthabiti. Sijui waandishi hao huwaambia nani hiyo "la". Mimi nilikuwa nikimwambia msichana wa Garba Tulla, bila kujua. Wala si habari za kale tu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilifuatana bila mvua ya kutosha, na kaunti hii ilijaa mizoga ya ng'ombe kando ya barabara. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliozidi, na miongoni mwa wanawake ilikuwa zaidi ya asilimia 38. Mambo haya mawili huweza kukaa katika ukoo mmoja: binamu yangu wa kule Merti alikuwa akiwazika mbuzi wake wakati mimi nilipokuwa nikitafuta mshipi mrefu zaidi.

Jioni ile nami nilimpa mama habari yangu. Dada yake mkubwa, ambaye sisi tulimwita mama mkubwa, alikatwa mguu miaka michache kabla ya kufariki, na aliyemwosha na kumgeuza kitandani muda wote huo alikuwa mama. Sikuzote nyumbani tulisema ni "ugonjwa wa mguu". Nilimwambia mama kwamba ugonjwa ule uliitwa kisukari, na kwamba ndio unaonibishia hodi mimi. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo daktari angelipenda: "Kwa hiyo ni chai?" Nikamjibu kwamba si chai peke yake, lakini chai imo. Akafunika masinia, akaingia ndani.

Idd iliyofuata nilifika kwake baada ya sala na kukuta chupa ndogo ya chai imewekwa kando, imefungwa kitambaa ili isichanganywe na nyingine. Ilikuwa chai ya maziwa ya ngamia isiyo na sukari hata chembe. Maziwa ya ngamia, kwa yeyote asiyeyajua, yana ladha yake ya chumvichumvi, na chai hiyo ukiinywa mara ya kwanza utadhani umekosewa. Ukifika kikombe cha tatu utaizoea. Tulipozunguka sinia mama aliketi mkono wangu wa kulia, akawa yeye ndiye anayenimegea nyama. Alinipa vipande viwili, vingine akavisukuma kwa wajukuu. Hakuna aliyeona, wala mwenyeji hakuaibika, kwa maana mwenyeji ndiye aliyepima.

Nimejifunza kitu kingine hapo. Siku hizi nyumba nyingi za mjini zimeanza kumpakulia kila mgeni sahani yake, na sahani ni shahidi mbaya: ukibakiza, kila mtu anakuona umebakiza. Sinia la pamoja halina ushahidi wa namna hiyo. Mtu hula upande wake polepole, huongea, humsogezea mzee kipande kizuri, husubiri. Tumbo huchukua kama dakika 20 kupeleka habari kichwani kwamba limetosheka, na katika dakika hizo mwenye sahani huwa amekwisha kuongezwa mara ya pili. Wenyeji wetu, nikiwachunguza vizuri, huhesabu muda uliokaa nao kuliko matonge uliyomeza. Anayekula upesi na kuaga ndiye anayewaudhi.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yote yalinyooka. Mama, akiisha kuushika wajibu huu, aliushika kwa mikono miwili. Alipeleka habari nyumba kwa nyumba kwamba mwanawe asipewe sukari. Kufikia saa kumi mtaa mzima ulikuwa umejua kwamba mimi ni mgonjwa. Watu walinishika mkono kwa huruma, wakaniuliza kama watoto wako salama. Mzee mmoja aliniita pembeni akanishauri nitengeneze mambo ya urithi mapema. Msomaji wa rika langu ataelewa. Sisi tulikua katika miaka ambayo mtu akikonda, watu hawakumpongeza. Kule Uganda, mapema miaka ya 1980, Ukimwi ulipewa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na hofu hiyo ilivuka mpaka ikafika hadi kwetu. Unene ulikuwa cheti cha afya, na pia cha heshima: mtu amekula vizuri, mke anamtunza, mshahara unafika. Nilipopunguza kilo tisa nilipoteza cheti hicho. Mke wangu ndiye aliyelaumiwa, na hadi leo wapo jamaa wanaoamini kwamba hanipikii.

Sina jibu la tatizo hilo. Hujibu kwa kuwaonyesha karatasi ya daktari, ambayo sukari yake imeteremka, lakini karatasi haina nguvu mbele ya shavu lililobonyea.

Sasa nina kilo 95. Idd iliyopita sikuongezeka hata robo, ingawa nilikula pilau na nyirinyiri kama watu wote, na sikumkatalia mtu chakula cha kwanza. Nyumba zilizokuwa tisa nimezigawa kwa siku tatu, maana Idd yetu haina haraka, na mahali ambapo sukari imekwisha kuchemshwa ndani ya birika naomba maji kwanza, nayanywa mbele ya mwenyeji kwa kiu ya kweli, kisha chai naishika mkononi hadi ipoe.

Aliyebaki ni shangazi. Anakaa mtaa wa Kulamawe, jina ambalo lingemfaa mtu mwenye agizo kama langu, lakini nyumbani kwake hakuliwi mawe. Ujumbe wa mama aliupokea, akasema kwamba yeye hajamwona daktari yeyote akija kumwombea ruhusa. Mwaka jana nilimfikia mwisho, nimeshiba, akanipakulia mara tatu kwa mkono wake huku akinitazama machoni. Safari hii nitaanza kwake, toka msikitini moja kwa moja, tumbo likiwa tupu, na mama amekubali kufuatana nami.