Mlalo wa Mtoto Tumboni na Usalama wa Mama

Mke wa askari anapofikisha wiki ya 36 ya ujauzito, miongoni mwa mambo makuu anayochunguza mkunga ni namna mtoto alivyolala tumboni. Katika wiki ya 28, takriban mtoto mmoja kati ya wanne huwa kichwa juu na matako chini, nalo si jambo la kutia hofu, kwani nafasi ya kugeuka bado ipo. Ufikapo wakati wa kuzaliwa, wanaobaki hivyo ni watatu au wanne tu katika kila mia. Hao ndio wanaopasa kujulikana mapema.

Mtoto anayetanguliza kichwa, kidevu kifuani na kisogo kikielekea mbele ya tumbo la mama, hupita nyongani kwa wepesi zaidi. Kisogo kikielekea mgongo wa mama, aghalabu uchungu hurefuka na kiuno huuma sana, ingawa wengi hujigeuza wenyewe. Kwa anayetanguliza matako, kichwa huja mwisho. Kikikwama, dakika za kumwokoa ni chache. Lakini mtoto wa miezi tisa aliyekingama kama boriti, toka ubavu hadi ubavu, hazaliwi kwa njia ya kawaida, hata mama awe na nguvu kiasi gani. Chupa ikipasuka, mkono au kiungamwana huweza kutangulia. Na uchungu ukiendelea bila msaada, mji wa mimba huweza kupasuka, mama na mtoto wakapotea pamoja.

Kuyatambua hayo hakuhitaji mitambo mikubwa. Tangu Bibi Katharine Cook alipoanzisha shule ya wakunga katika Hospitali ya Mengo, mwaka 1921, wasichana wa Uganda wamefundishwa kusoma tumbo kwa mikono: kichwa ni kigumu na cha mviringo, matako ni laini. Picha ya ultrasaundi huthibitisha kile ambacho mikono imekwisha kukishuku.

Mtoto wa matako akigunduliwa, daktari aweza kujaribu kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, yapata wiki ya 37, mahali penye chumba cha upasuaji. Karibu nusu ya majaribio hufaulu. Kukandwa tumbo kwa nguvu nyumbani ni jambo jingine kabisa, nalo laweza kubandua kondo la nyuma.

Wapo wanaoukataa upasuaji wakidai ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1879, huko Kahura katika Bunyoro, Mwingereza Robert Felkin alimshuhudia mganga wa huko akimpasua mama aliyeleweshwa kwa mvinyo wa ndizi. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga, na mtoto alikuwa hai.

Askari hupelekwa kazini mbali bila kujali mwezi wa mkewe. Kwa hiyo maneno yasemwe kabla ya safari: nani atampeleka, fedha ziko wapi, na kwamba daktari akishauri upasuaji, mama akubali bila kungoja sauti ya mume. Kutoka kambi za polisi za Naguru na Nsambya hospitali zi karibu, lakini usiku wa mvua, gari likiwa halijatafutwa, mwendo huo mfupi hurefuka. Kadi ya kliniki, yenye maandishi ya mkunga kuhusu mlalo wa mtoto, iwekwe mahali ambapo hata jirani anapajua.